JENI ZINAZOONGOZA UKUAJI WA JANI: MGAGANI, MATEMBELE NA KABICHI ZA IGALULA

Utakapokuwa umekaa kwenye chumba cha mtihani mwezi Novemba, mvua za kwanza zitakuwa zinaanza kunyesha Igalula. Mgagani utachipua wenyewe kandokando ya mashamba na karibu na mazizi, mchicha utasiwa kwenye vitalu, na marando ya viazi vitamu yatatafutwa mabondeni ili yapandwe kwenye matuta. Mboga hizo unazijua tangu utoto. Umezichuma, umezianika juani, umezila na ugali. Katika sehemu hii tutazitumia kujifunza jambo ambalo ni rahisi kulikosea kwenye mtihani: namna jeni zinavyolifanya jani liwe jani, tena jani la umbo fulani na si lingine.

Igalula ni kata ya Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora, na ni kituo cha Reli ya Kati kwa anayekwenda Tabora mjini akitokea Dodoma. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Njia za namna hiyo zilipitisha watu na mizigo, na pamoja nao mbegu na vipando. Ndiyo maana bustani moja ya leo ina mimea ya asili tofauti: mgagani ni mwenyeji wa siku nyingi barani Afrika, viazi vitamu na mihogo asili yake ni Amerika, na kabichi ililimwa kwanza Ulaya. Kila mmea ulikuja na jeni zake, na jeni hizo ndizo zinazoamua mpaka leo kama mkulima atachuma jani moja moja, atakata kichwa kizima, au atalazimika kununua mbegu upya kila msimu.

Ukimaliza kusoma sehemu hii uweze:
(a) kueleza kwa nini seli za mzizi, jani na ua hutofautiana ilhali zina jeni zilezile;
(b) kutaja hatua za ukuaji wa jani na kazi ya jeni katika kila hatua;
(c) kutofautisha tofauti inayoletwa na jeni na ile inayoletwa na mazingira;
(d) kutumia mchoro wa uzalishanaji kueleza urithi wa umbo la jani.

1. Kanuni ya kuishika kwanza

Chukua mmea mmoja wa mchicha. Ung'oe wote, na mizizi yake. Seli ya mzizi, seli ya shina, seli ya jani na seli ya ua la mmea huo zote zilitokana na seli moja, yaani zigoti. Kila mara seli ilipojigawa kwa mitosisi, kromosomu zilinakiliwa kwanza, kisha kila seli mpya ikapata seti kamili. Kwa hiyo seli ya mzizi wa mchicha ina jeni zote za kutengeneza jani, na seli ya jani ina jeni zote za kutengeneza mzizi.

Kama ni hivyo, mbona mzizi hauoti majani? Jibu ni kwamba si jeni zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja katika kila seli. Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini. Maelekezo yanaweza kuwepo bila kusomwa. Kitabu cha mapishi kinaweza kuwa na mapishi mia moja, lakini mchana wa leo jikoni limefuatwa pishi moja tu. Seli ya jani husoma jeni za jani na kuziacha zile za mzizi zimelala.

Nani anayeamua ipi isomwe? Ni jeni nyingine. Zipo jeni ambazo protini zake hujishikiza kwenye DNA na kuwasha au kuzima jeni nyingine. Hizo huitwa jeni waongozi. Moja ikibadilika, jeni nyingi zilizo chini yake hubadilisha kazi, na jani zima hubadilika umbo. Shika kanuni hii: umbo la jani hutegemea jeni ipi imewashwa, mahali gani, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Yote yanayofuata ni mifano ya kanuni hiyo.

2. Hatua nne za ukuaji wa jani

Majani yote huanzia kwenye ncha ya shina. Pale pana kikundi kidogo cha seli ambazo hazijapewa kazi maalumu na zinaendelea kujigawa. Tutakiita tishu ya ukuaji. Ukichuma ncha ya mchicha, umeondoa tishu hiyo, na mmea hulazimika kutumia zile zilizo kwenye macho ya pembeni. Ndiyo sababu mchicha uliochumwa ncha hutoa matawi.

*Hatua ya kwanza: jani kuanza.* Pembeni mwa tishu ya ukuaji, homoni iitwayo auksini hukusanyika mahali fulani. Mahali hapo hutokea uvimbe mdogo, na huo ndio mwanzo wa jani. Seli za tishu ya ukuaji zina kundi la jeni waongozi liitwalo KNOX, ambalo kazi yake ni kuziambia seli: endeleeni kujigawa, msikomae bado. Katika uvimbe wa jani jipya, jeni za KNOX huzimwa. Zikizimwa, seli huanza safari ya kuwa jani.

*Hatua ya pili: kupata upande wa juu na upande wa chini.* Tazama jani la kisamvu. Upande wa juu una kijani kilichokolea, upande wa chini umepauka. Kundi moja la jeni huwashwa upande wa juu tu, na kundi jingine, likiwemo lile liitwalo KANADI, huwashwa upande wa chini tu. Makundi haya hushindana, na kila moja huzuia mwenzake asivuke mpaka. Jani bapa hutokea pale mpakani pande mbili zinapokutana. Mmea ukipoteza kundi mojawapo, majani yake yanaweza kuwa membamba mviringo kama sindano.

*Hatua ya tatu: kutanuka.* Seli hujigawa na kuongezeka, na jani hupata upana wake. Kwa kawaida mgawanyiko huanza kukoma kwenye ncha ya jani, na ukomo huo hushuka taratibu kuelekea kwenye kikonyo. Jeni za kundi la TCP husaidia kusimamisha mgawanyiko kwa wakati wake. Zikidhoofika, seli za ukingoni huendelea kuongezeka wakati za katikati zimeshaacha. Hapo ukingo huwa mrefu kuliko nafasi iliyopo, nao hujikunja. Fundi cherehani hufanya vivyo hivyo anapotia marinda: kitambaa kirefu hushonwa kwenye mkanda mfupi. Jani huwa na marinda kwa sababu ya muda wa ukuaji, bila mtu kulikunja.

*Hatua ya nne: kukomaa.* Seli hupewa kazi maalumu. Nyingine huwa za usanisinuru, nyingine hujenga mishipa ya kupitisha maji na chakula, nyingine hulinda vinyweleo vya kupitishia hewa, yaani stomata. Jani sasa linalisha mmea. Baadaye jeni nyingine huwashwa ili jani lizeeke: klorofili huvunjwa, jani huwa njano, na naitrojeni yake hurudishwa kwenye sehemu changa au kwenye mbegu.

Majina kama KNOX, KANADI na TCP yanakusaidia kufuata maelezo. Unachotakiwa kuweza kukieleza ni kazi: kuanza, kupata pande mbili, kutanuka na kukomaa.

3. Ushahidi: tulijuaje?

Wanasayansi huijua kazi ya jeni kwa kutazama mmea ambao jeni hiyo imeharibika, au inafanya kazi mahali isipostahili.

Mfano mzuri unatoka kwenye mahindi. Kuna mahindi ambayo majani yake yana vinundu, kana kwamba vipande vya jani vilikataa kukomaa. Mwaka 1991 jeni inayosababisha hali hiyo, iitwayo KNOTTED1, ilitambuliwa na muundo wake ukasomwa. Ikaonekana kwamba jeni yenyewe ni nzuri na inahitajika, lakini kwenye ncha ya shina tu. Katika mahindi yenye vinundu, jeni hiyo ilikuwa imewashwa ndani ya jani. Seli zilizotakiwa kukomaa ziliendelea kujigawa, na vinundu vikatokea. Kundi la KNOX lilipata jina lake kutokana na jeni hiyo.

Mfano wa pili ni wa mboga unayoweza kuikuta sokoni Tabora mjini: saladi. Zipo saladi ambazo majani yake hufunguka wazi, na zipo zinazojikunja na kufunga kichwa kama kabichi. Mwaka 2020 watafiti nchini China walieleza chanzo kimoja kikubwa cha tofauti hiyo. Katika saladi za kufunga kichwa, kipande cha DNA chenye uwezo wa kuhama kilikuwa kimejiingiza kwenye jeni mojawapo ya kundi la KNOX. Matokeo yake jeni hiyo iliwashwa katika majani, na majani yakakua kwa kujikunja kuelekea ndani.

Linganisha mifano hiyo miwili. Kwenye mahindi, jeni ya ncha ikiwashwa ndani ya jani huleta vinundu, na mkulima huiona ni kasoro. Kwenye saladi, jambo la aina hiyohiyo lilileta kichwa kizuri, na wakulima walikichagua na kukitunza. Badiliko la ghafla katika DNA huitwa mutesheni. Usiandike kwenye mtihani kwamba kila mutesheni ina madhara. Nyingine ina madhara, nyingine haina athari yoyote, na nyingine humfaa mmea au binadamu anayeulima.

4. Kabichi na sukuma wiki: spishi moja, majani mbalimbali

Kabichi, sukuma wiki, brokoli na koliflawa zote ni spishi moja, *Brassica oleracea*. Zikipandwa pamoja na kuchanua kwa wakati mmoja zinaweza kuchavushana na kutoa mbegu zenye uhai. Mmea wa porini ambao ni mzazi wao hauna kichwa.

Tofauti zake zililetwa na uteuzi wa binadamu. Kwa vizazi vingi wakulima wa Ulaya walitunza mbegu za mimea waliyoipenda. Waliopenda majani makubwa yaliyo wazi kwenye shina refu walipata jamii ya sukuma wiki. Waliopenda shina fupi lenye majani yaliyofungamana walipata kabichi. Waliopenda maua yaliyovimba walipata koliflawa. Hawakujua neno jeni, lakini kila walipochagua mmea wa kuacha utoe mbegu, walichagua pia aleli za jeni waongozi.

Hapa pana jibu la swali la mageuzi pia. Uteuzi haumfanyi mmea mmoja ubadilike akiwa hai. Hubadilisha idadi ya aleli katika kizazi kinachofuata, kwa sababu baadhi ya mimea imepewa nafasi ya kuzaa na mingine haikupewa.

5. Jani lenye mikato, na hesabu ya urithi

Tembelea bustani ya matembele. Utakuta aina yenye majani ya umbo la moyo, na kando yake aina yenye majani yaliyokatika kama vidole. Mikato hiyo hutokeaje?

Mwaka 2014 watafiti walitangaza jeni waliyoiita RCO, waliyoipata kwenye gugu dogo la jamii ya kabichi, *Cardamine hirsuta*, ambalo jani lake limegawanyika katika vijani vidogo. Mmea wa karibu yake, *Arabidopsis thaliana*, ulikuwa umeipoteza jeni hiyo katika mageuzi, na jani lake ni zima. Watafiti walipoirudisha jeni kwenye *Arabidopsis*, ukingo wa jani ulipata mikato. Kilichofunza zaidi ni namna jeni hiyo inavyofanya kazi: huzuia ukuaji kwenye sehemu ya mkato. Jani huanza likiwa zima. Sehemu zilizozuiwa hubaki nyuma, zisizozuiwa husonga mbele, na mwishowe tunaona vidole.

RCO ina jeni ndugu yake iitwayo LMI1, ambayo hupatikana katika mimea mingi. Aina zake zimeonekana zikihusika na mikato ya majani katika jamii ya kabichi, na pia katika zao linalofahamika Mkoa wa Tabora, hasa Igunga: pamba. Pamba si mboga, lakini inatupa mfano safi wa hesabu. Matembele hayafai kwa hesabu hiyo. Kiazi kitamu kina kromosomu 90 zilizo katika seti 6, na mimea yenye seti nyingi hivyo haifuati uwiano rahisi unaoujua.

Ipo pamba yenye jani pana la kawaida, na ipo yenye jani lililokatika sana, mfano wa jani la bamia. Tofauti hiyo huongozwa na jeni moja. Tuseme B ni aleli ya jani la bamia na K ni aleli ya jani la kawaida.

Wazazi wa aina safi: BB × KK
Gameti: B na K
Kizazi cha kwanza: wote BK

Je, mimea ya BK ina majani gani? Si kama ya mzazi mmoja, wala si kama ya mwenzake. Mikato yake ni ya kati. Hali hii huitwa utawala usiokamilika, yaani hakuna aleli inayomficha mwenzake kabisa. Sasa zalisha kizazi cha kwanza chenyewe kwa chenyewe:

Wazazi: BK × BK
Gameti: B, K na B, K
Kizazi cha pili: BB, BK, BK, KK

Uwiano wa jenotaipu ni 1 : 2 : 1. Uwiano wa fenotaipu nao ni 1 : 2 : 1, yaani jani la bamia 1, jani la kati 2, jani la kawaida 1. Ukipanda mbegu 80 na zote zikaota, utarajie karibu mimea 20 ya bamia, 40 ya kati na 20 ya kawaida. Andika neno "karibu", kwa sababu uwiano ni matarajio tu. Kumbuka pia: kama kungekuwa na utawala kamili, fenotaipu zingekuwa 3 : 1. Soma swali mpaka mwisho kabla ya kuchagua uwiano.

6. Ni jeni au ni mazingira?

Chukulia mkulima wa Igalula ana matuta mawili ya matembele. Moja liko juani, jingine liko chini ya mwembe. Majani ya juani ni madogo na manene. Ya kivulini ni mapana na membamba. Mkulima anasema hizi ni mbegu mbili. Utamjibuje?

Usibishane naye, fanya jaribio. Kata marando kutoka kwenye mmea mmoja. Kwa kuwa marando ni uzazi usio wa jinsia, vipande vyote vina jeni zilezile. Panda nusu juani na nusu kivulini, kwa udongo, nafasi na maji yaleyale. Baada ya wiki kadhaa linganisha majani yaliyochipua baada ya kupanda. Yakitofautiana, tofauti hiyo imeletwa na mwanga, kwa maana jeni ni moja.

Kisha fanya kinyume chake. Chukua marando ya jani la moyo na marando ya jani la vidole, uyapande tuta moja, juani pote. Mazingira sasa ni mamoja. Tofauti ikibaki, imetokana na jeni.

Kanuni ya majaribio haya ni moja: ukitaka kujua kazi ya jeni, sawazisha mazingira, ukitaka kujua kazi ya mazingira, sawazisha jeni. Mara nyingi vyote viwili hufanya kazi pamoja. Mwanga, maji na mbolea hufika kwenye jani kwa kuwasha na kuzima jeni. Jeni za jani la kivulini haziongezeki wala hazipungui, ila namna zinavyosomwa imebadilika.

7. Mgagani: jani lililopangwa kwa ajili ya joto

Jani la mgagani limegawanyika katika vijani vidogo, kwa kawaida vitatu hadi saba, vyote vikianzia mwisho wa kikonyo kimoja kama vidole kwenye kiganja. Lakini ajabu yake kubwa iko ndani. Mgagani, sawa na mchicha na mahindi, hutumia usanisinuru wa aina ya C4. Seli zinazozunguka mishipa ya jani ni kubwa na zimejaa kloroplasti. Kabonidayoksaidi hunaswa kwanza kwenye seli za nje, kisha hupelekwa kwenye seli hizo za ndani, ambako hukusanywa kwa wingi na kutumika kutengeneza sukari. Kwa mpango huo mmea hupoteza kidogo penye joto kali na hutumia maji kwa uangalifu.

Mgagani ni ndugu wa karibu wa jamii ya kabichi, ambayo haina mpango wa C4. Kwa sababu hiyo watafiti wa usanisinuru huulinganisha na *Arabidopsis*, na mwaka 2023 DNA yake yote ilichapishwa ikiwa imesomwa. Enzimu zinazotumika katika C4 zipo pia kwenye mimea isiyo ya C4. Katika mgagani jeni zake zimewashwa kwa nguvu zaidi, tena katika seli maalumu. Umeiona tena kanuni yetu ya kwanza: ipi, wapi, kiasi gani.

8. Kwa nini mchicha hutoa mbegu Igalula na kabichi haitoi?

Swali hili lina uzito hata nje ya mtihani, maana linagusa fedha ya nyumbani. Mama anayelima mchicha au mgagani huacha mimea michache ikomae, hupukuchua mbegu, huzihifadhi, na msimu ujao hupanda bila kununua. Anayelima kabichi hununua mbegu kila mara. Sababu ni mbili, na zote ni za jeni.

Sababu ya kwanza ni baridi. Mmea huacha kutoa majani na kuanza kutoa maua pale jeni za maua zinapowashwa. Katika kabichi, jeni za ukoo uitwao FLC huzuia maua. Kizuizi hicho huondolewa na baridi ya kiasi cha nyuzi joto 10 za Selsiasi au chini yake, inayodumu kwa wiki kadhaa. Ulaya kuna majira ya baridi, kwa hiyo kabichi huchanua mwaka wa pili. Tabora iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na baridi yake ya Juni na Julai ni ya usiku tu, mchana jua huwaka. Kizuizi hubaki, na kabichi huendelea kuwa majani. Mchicha na mgagani hazingoji baridi. Mchicha husikiliza zaidi urefu wa mchana, na ukame au kuchelewa kuchumwa huuharakisha kuchanua. Ndiyo maana mchicha uliokosa maji hutoa mbegu mapema na majani yake huwa madogo.

Sababu ya pili ni uchotara. Mbegu nyingi za kabichi zinazouzwa madukani ni za kizazi cha kwanza cha wazazi wawili wa aina safi. Mimea ya kizazi hicho hufanana, na vichwa vyake hukomaa pamoja. Hata ungepeleka kabichi hizo mahali pa baridi zikatoa mbegu, kizazi cha pili kingechanganyika, kama ulivyoona kwenye pamba: vichwa vingine vikubwa, vingine vidogo, vingine havifungi kabisa. Anayepanda mbegu ya namna hiyo akitarajia mavuno ya mwaka jana amepoteza msimu, na kosa si la udongo wake.

Kwa marando hali ni kinyume. Kwa kuwa hayapiti kwenye uzazi wa jinsia, jani la moyo huzaa jani la moyo mwaka hadi mwaka. Faida ni kudumisha aina nzuri. Hasara ni kwamba ugonjwa wa virusi ukiingia kwenye marando, huhamia pamoja nayo kwenye shamba jipya, na mimea yote yenye jeni zilezile inaweza kudhurika kwa pamoja.

9. Makosa yanayopoteza alama

1. "Seli za jani zina jeni za jani tu." Si kweli. Zina jeni zote, ila zinazosomwa ni baadhi.
2. "Jeni na aleli ni kitu kimoja." Aleli ni aina mojawapo ya jeni. Jeni ya umbo la jani la pamba ni moja. Aleli zake, katika mfano wetu, ni B na K.
3. "Jani la kivulini limepata mutesheni." Hapana. DNA haikubadilika, kilichobadilika ni usomaji wa jeni.
4. "Mmea ulijitengenezea kichwa ili upendwe na watu." Mmea haukusudii. Badiliko hutokea lenyewe, kisha uteuzi hulibakiza au kuliondoa.
5. Kuandika uwiano bila kuonyesha wazazi, gameti na vizazi. Onyesha kila hatua, kwa maana alama hutolewa kwa hatua pia.

10. Maswali ya kujipima

*Swali la 1.* Mzizi na jani la mchicha vina jeni zilezile lakini maumbo tofauti. Eleza.
*Jibu.* Seli zote za mmea hutokana na zigoti kwa mitosisi, hivyo hupata kromosomu zilezile. Katika kila kiungo jeni waongozi huwasha baadhi ya jeni na kuzima nyingine. Protini zinazotengenezwa hutofautiana, na hivyo umbo na kazi ya seli hutofautiana.

*Swali la 2.* Mwanafunzi alipanda matembele ya jani la moyo juani na ya jani la vidole kivulini, akahitimisha kwamba kivuli huleta mikato. Taja kosa la jaribio lake na ulirekebishe.
*Jibu.* Amebadilisha vitu viwili kwa pamoja, yaani jeni na mwanga, hivyo hawezi kujua kipi kilileta tofauti. Apande marando ya mmea mmoja sehemu zote mbili, na mambo mengine yote yawe sawa.

*Swali la 3.* Pamba ya BK ilizalishwa na pamba ya KK. Tafuta uwiano wa fenotaipu za watoto.
*Jibu.* Gameti za mzazi wa kwanza ni B na K. Za mzazi wa pili ni K tu. Watoto ni BK na KK kwa uwiano wa 1 : 1, yaani nusu jani la kati na nusu jani la kawaida.

*Swali la 4.* Toa sababu mbili za kumshauri mkulima wa Igalula asitegemee kujizalishia mbegu za kabichi chotara.
*Jibu.* Kwanza, kabichi huhitaji baridi ya muda mrefu ili jeni zinazozuia maua zizimwe, na baridi hiyo haipatikani Igalula. Pili, mbegu za kizazi cha pili hutoa mimea isiyofanana, kwa sababu aleli hutengana wakati wa kutengeneza gameti.

*Swali la 5.* (Ujibu mwenyewe, kisha mlinganishe na mwenzako.) Chora hatua nne za ukuaji wa jani na uandike kazi ya jeni katika kila hatua. Kisha eleza ni hatua ipi iliyobadilika katika jani lenye marinda, na ni ipi katika jani lenye vinundu.

Kabla hujafunga kitabu, nenda kwenye bustani iliyo karibu. Chuma majani matano ya mboga tofauti, uyapange mezani, na kwa kila moja jiulize: ukingo wake ni mzima au una mikato? Ni jani moja au vijani vingi? Pande zake mbili zinatofautianaje? Tofauti ipi ningeiondoa kwa kubadilisha mazingira, na ipi ingebaki? Ukiweza kuyajibu hayo bila kutazama kurasa hizi, mada hii umeiva nayo.